Mkwe wa Kuchorwa

Jumatatu asubuhi Kuluthum aliingia sebuleni akakuta kiti cha mumewe kimelowa chapachapa. Ni kile kimoja chenye mito, ambacho Mzee Alamin hakumruhusu hata mgeni akikalie. Maji yalikuwa yakidondoka sakafuni, tone baada ya tone, na yalinuka magadi na mavi ya ndege, harufu ile inayopanda kutoka ziwani upepo ukigeuka. Mvua ilikuwa haijanyesha Nakuru kwa wiki sita na bati lao halikuvuja. Kuluthum aliutoa mto nje akauanika uani, akanyamaza, maana kumwambia Alamin jambo lolote kabla hajanywa chai ilikuwa ni kujitafutia matusi.

Huyu Alamin ndiye wa kulaumiwa, kwa hiyo tumweleze vizuri. Mwaka huo wa 1956 alikuwa karani na mkalimani wa wakili mmoja mjini. Alizaliwa Mombasa, na kama hujui kwamba alizaliwa Mombasa basi hujawahi kukaa naye dakika tano. Alikuwa ameishi Bondeni ya Nakuru miaka ishirini na mbili, amekula viazi vya Njoro na kunywa maziwa ya Njoro, na bado aliwaita majirani zake "hawa watu wa bara." Kiswahili chao alikicheka mbele yao. Mkulima akija kwa wakili na maneno mia, Alamin alimfikishia wakili kumi. Wakili akijibu kumi, mkulima alipata matatu.

"Ukimpa mjinga maneno mengi unamtesa bure," alikuwa akisema, na akijisifu kwa hilo.

Jumapili saa tisa mchana alikuwa na kazi nyingine. Nyuma ya soko kulikuwa na ukumbi, na Mhindi mmoja alileta mashine ya sinema na kutundika kitambaa cheupe ukutani. Saa tisa ilikuwa saa ya wanawake peke yao. Kiingereza hawakukijua, kwa hiyo ilibidi pawe na mtu wa kusimama kando ya kitambaa na bomba la bati mdomoni, awaambie yule mrefu kasema nini na yule mama analilia nini. Wanaume wawili tu waliruhusiwa: Odero, aliyeendesha mashine ndani ya kibanda chake huko nyuma, na Alamin. Na kwa ajili ya heshima, Alamin alisimama akielekea kitambaa, mgongo kwa wanawake. Miaka mitano alisema nao kila Jumapili na hakuwahi kuona uso wa hata mmoja akisikiliza.

Jumapili iliyotangulia kulowa kwa kile kiti, Mhindi alileta picha ya kuchora. Ya kuchora! Watu wa wino na rangi, wenye macho makubwa kuliko midomo. Alamin alipoambiwa alitema mate. Hadithi yenyewe, kusema kweli, ilikuwa upuuzi mtupu. Kuna kijana anayekaa chini ya ziwa, bwana wa maji, mzuri wa sura na mweupe wa midomo, ambaye mikono ya koti lake haikauki, inatiririka maji popote asimamapo. Hana kivuli. Anatoka ziwani kutafuta mke, na sharti lake ni moja: baba wa msichana amtoe kwa mdomo wake mwenyewe, mbele ya watu. Anakwenda kwa baba mmoja, msaga unga, anapiga magoti na kuomba. Anakataliwa. Anaomba tena. Anakataliwa. Anaomba mara ya tatu, anakataliwa, na hapo anarudi ziwani akizama polepole huku amenyoosha mkono juu. Basi. Watu wazima walikaa wakachora hayo.

Na wanawake wetu wakalia. Walilia kwa kwikwi, wanawake waliozika watoto bila chozi mbele ya watu, wakamlilia mtu wa wino. Jelagat, aliyekuwa akileta maziwa mtaani kutoka Njoro, mwanamke wa mwili na sauti, alilia mpaka akajifuta kwa kitambaa cha jirani. Na kwenye benchi la mbele kabisa, hatua nne nyuma ya Alamin, alikuwa binti yake Nuria, miaka kumi na saba, naye akilia. Sauti ya kilio chake Alamin aliijua bila kugeuka.

Hilo ndilo lililomtia wazimu. Binti wa mtu wa Mombasa, analilia katuni pamoja na wauza maziwa! Akaamua kuwaonyesha wote jinsi walivyo wajinga. Yule kijana alipopiga magoti mara ya tatu na baba kwenye picha akafungua mdomo kukataa, Alamin hakufasiri. Aliinua bomba akasema kwa sauti ya shehe anayefungisha ndoa:

"Mimi Alamin bin Athmani, nimekuoza wewe bwana wa ziwa binti yangu Nuria, aliye chini ya uwalii wangu, kwa mahari tuliyopatana! Haya, chukua, nimechoka naye!"

Alitegemea kicheko. Akapata vigelegele. Ukumbi mzima ulisimama na kupiga vigelegele, maana walikuwa wameteseka vya kutosha na sasa kijana wao amepata mke. Na pale kwenye kitambaa, kijana wa wino, aliyetakiwa kuinuka na kurudi ziwani, hakuinuka. Alibaki magotini. Akageuza uso wake kutoka kwa msaga unga, akautazama ukumbi, akatazama benchi la mbele, akaweka mkono kifuani na kuinama. Kisha picha ikaruka, Odero akatukana mashine, na taa zikawashwa.

"Filamu imekatika," Alamin alisema. Kwake yeye lilikwisha hapo.

Baada ya kiti kulowa, Jumanne zilionekana nyayo za maji kutoka kiti mpaka mlango wa chumba cha Nuria. Nyayo za viatu, kubwa, zimesimama mlangoni, hazikuingia. Kuluthum alizipangusa. Alipogeuka na tambara mkononi zilikuwa zimerudi.

"Nuria," alimwita binti yake kwa sauti ya chini, "umeona mtu humu?"

Nuria alikuwa akishona dirishani. Hakuinua kichwa. "Anakaa pale kwa kiti cha baba."

"Nani?"

"Unamjua, mama. Hasemi kitu. Anakaa tu, maji yanamtoka mikononi. Naogopa kumtazama, na nikiacha kumtazama naogopa zaidi."

Kuluthum alilitupa tambara akaenda kukaa kando ya binti yake. Jumatano aliona jambo lililomfanya apige yowe. Kuzunguka kila kucha ya Nuria kulikuwa na mstari mweusi, mwembamba, safi, wa wino. Alidhani ni uchafu. Akasugua kwa sabuni, kwa limau, kwa majivu, mpaka ngozi ikawa nyekundu, na mstari haukufifia. Alhamisi mstari ulikuwa umefuata vidole vyote na kuzunguka viganja. Mikono ya bibi harusi hupambwa kwa hina kabla hajachukuliwa, na Kuluthum hakuhitaji kuelezwa alichokuwa akikiona. Ndani ya ile mistari ngozi ya mwanawe ilikuwa imeanza kuwa ya rangi moja tu, haina mshipa wala baka.

Alamin alioneshwa. Akamwita Nuria mchafu, akasema aache kuchezea wino wake wa ofisini. Kisha akaenda kukaa kwenye kiti chake, na kabla hajaegemea vizuri alihisi chini yake mapaja ya mtu, baridi, yamekaa tayari. Aliruka kama mtu aliyekalia kaa la moto. Suruali yake yote nyuma ilikuwa imelowa, na kuanzia hapo Mombasa haikutajwa tena nyumbani mle.

Ijumaa alimwita Mwalimu Abdirashid, aliyefundisha watoto Kurani na kuwasomea wagonjwa. Kumbuka kwamba Alamin alikuwa akimwita "yule bwana wa mbuzi" kwa sababu babu yake alifuga. Mwalimu alikuja hata hivyo. Alisoma nyumba nzima, chumba kwa chumba, akafukiza ubani, akanyunyiza maji aliyoyasomea. Kiti kiliendelea kudondoka. Mwalimu akakisomea tena, kisha akamgeukia Alamin na kumtaka aeleze alichosema ukumbini, neno kwa neno.

Alamin alieleza. Akaongeza, "Lakini ilikuwa mzaha, Mwalimu."

"Mzaha." Mwalimu alivuta pumzi. "Na wewe umesoma. Hujui kwamba mambo matatu, kweli yake ni kweli na mzaha wake ni kweli? Kuoza, kuacha, na kurejea mke."

"Mashahidi? Palikuwa na wanawake tu pale! Ndoa gani hiyo haina mashahidi wanaume?"

"Kwa binadamu, ndivyo. Kule ndani ya picha, nyuma ya bwana harusi, walisimama wangapi?"

Alamin alikumbuka. Nyuma ya kijana wa wino walisimama watu wa ziwani, safu kwa safu, na wakati wa vigelegele na wao walikuwa wamegeuza nyuso.

"Ziwa letu lina wenyewe," Mwalimu alisema. "Jini hana umbo, hutafuta umbo tupu. Sanamu ile ina macho na mdomo na haina roho. Akasikia anaitwa bwana wa ziwa, akaingia. Na wewe ukamkaribisha nyumbani."

"Basi mfukuze! Si ndiyo kazi yako?"

"Mimi nafukuza mgeni. Huyu si mgeni, ni mkwe wako."

"Nitaichoma hiyo filamu."

"Umchome mume kabla hajamwacha mkewe? Nuria atamfuata huko huko atakakokwenda. Sikiliza. Ulimwoza pale, akaachishwe pale, mbele ya walioshuhudia. Na mwenye neno ni Nuria. Hakuulizwa. Asimame aseme kwa kinywa chake kwamba hamtaki, na hata majini wana sheria." Akamtazama Nuria, ambaye mistari ilikuwa imemfika kwenye viwiko. "Mwanangu, utaweza?"

"Niseme tu simtaki?"

"Hilo tu. Akikuuliza, mjibu."

"Nitasema," Nuria alisema. "Mimi nataka kubaki na mama."

Kila mmoja mle ndani alimsikia, na baba yake pia alimsikia.

Jumamosi Alamin alikwenda mlango kwa mlango kuwaomba wanawake warudi. Yeye, kuwaomba! Lakini hakukuwa na haja, walikuwa wanakuja wenyewe. Wiki nzima sokoni hapakuwa na habari nyingine. Walisimuliana ile harusi wakichagua vitunguu, wakaiga alivyoinama na kuweka mkono kifuani. Wasioiona walijuta. Hakuna aliyeuliza hali ya Nuria. Watazamaji ndivyo walivyo, wakishalia vizuri wanaona wamelipa.

"Mzee, hiyo sinema ilikuwa mzuri sana," Jelagat alimwambia akimpimia jirani maziwa. "Kesho utafanya tena ile ya kuoza?"

"Kesho nataka mshuhudie kwamba ilikuwa mzaha."

"Mzaha? Aah, mzee! Sisi tulisikia. Tulipiga kelele mpaka koo ikauma. Sasa mtu akisema kwa mdomo yake, anarudisha aje?"

"Mtoto wangu anaumwa, mama."

"Pole," Jelagat alisema, na hakika alimwonea huruma kidogo. "Lakini mwambie Mhindi asikate mwisho."

Jumapili saa tisa ukumbi ulijaa mpaka wengine wakasimama. Mwalimu Abdirashid alibaki nje mlangoni akisoma. Nuria alikaa benchi la mbele, amevaa buibui mpaka kidevuni, kwa sababu wino ulikuwa umemzunguka shingo, na Kuluthum amemshika mkono, mkono ambao haukuwa na joto wala baridi. Odero akawasha mashine. Kijana akatoka ziwani. Akaenda kwa msaga unga, akapiga magoti, na Alamin akafasiri kwa sauti iliyopauka. Akapiga magoti mara ya pili. Harufu ya magadi ikaanza kujaa ukumbi, na wanawake wa nyuma wakafunika pua, na chini ya kitambaa, pale kinapogusa sakafu, maji ya kweli yakaanza kutambaa kuelekea kwenye mabenchi, yakapita kwenye viatu vya Alamin, na hakuna aliyeinuka kwa sababu hakuna aliyetaka kukosa mara ya tatu.

Mara ya tatu kijana hakupiga magoti. Alimpita msaga unga, akaja mbele, akaja mbele zaidi mpaka uso wake ukajaa kitambaa, kisha akarudi hatua moja, akasimama akiwa na kimo cha mtu, na akamtazama Nuria. Nuria aliinuka. Kijana akasema. Alisema kwa Kiingereza, lugha aliyochorewa, na kwa kuwa Odero alikuwa kibandani na kelele za mashine masikioni, katika ukumbi ule wote mtu aliyeelewa alikuwa mmoja.

Na haya ndiyo aliyosema: "Binti, baba yako alikutoa bila kukuuliza. Nimekaa siku saba mlangoni pako na sikuvuka, maana simchukui asiyeulizwa. Uzuri wako nitaukumbuka chini ya maji yote. Lakini ukisema hapana, neno moja tu, nitazama, na mistari itafutika kabla hujafika nyumbani."

Alikuwa na adabu kuliko mkwewe, huyo jini.

Sasa, Alamin alitakiwa kufanya kazi yake tu, ile aliyokuwa akiifanya miaka ishirini na mbili. Afungue mdomo, atoe maneno aliyopewa. Binti yake alikuwa amesimama hatua nne nyuma yake na jibu mdomoni. Lakini Alamin alisikia ule utamu wa maneno, akakumbuka kilio cha Jumapili iliyopita, akajiambia kuwa wanawake ni wanawake, ukimpa huyu maneno mazuri kama haya atayeyuka, mjinga hapewi maneno mengi, heri nimkate moja kwa moja. Hakugeuka hata kumtazama usoni. Aliinua bomba.

"Anasema hakutaki!" alipaza sauti. "Anasema alikuwa akijichezea tu! Amekuona, ameona huna sura, huna lolote, urudi kwenu!"

Ukumbi ulishtuka, halafu mtu mmoja huko nyuma akacheka, na wa pili akacheka, na Nuria, aliyekuwa amekaa wiki nzima na woga wake bila kumlilia mtu, aliyejiandaa kusema maneno mawili na kurudi nyumbani na mama yake, alisimama mbele ya wanawake mia mbili wa mtaani kwake akiwa amechorwa mwili mzima kwa ajili ya mwanamume ambaye, kwa mdomo wa baba yake, alikuwa amemwona hafai.

"Hanitaki?" alisema. "Siku saba amekaa kwetu, ameniharibu mikono, halafu hanitaki?"

"Ndivyo alivyosema. Kaa chini!"

"Aniambie yeye mwenyewe."

Akapiga hatua. Kuluthum alimshika, akabaki na buibui mkononi, limelowa, na Nuria akampita baba yake bila kumgusa, akaingia kwenye maji, akanyoosha mkono wenye mistari mpaka kwenye kitambaa. Kijana alitazama ule mkono. Hakuwa amesikia neno hapana. Alikuwa ameona msichana aliyeulizwa akija kwa miguu yake mwenyewe, mkono mbele. Akaushika kwa taratibu kubwa na kumvuta ndani.

Hapo ukumbini pakabaki viatu vyake.

Kwenye kitambaa alikuwapo, wa wino, macho makubwa, gauni lake la maua limekuwa la rangi tatu tu. Watu wa ziwani walimfungulia njia. Alionekana akitembea na kijana kwenye maji ya magoti, akimwuliza kitu, kijana akitikisa kichwa kwa mshangao, akimwuliza tena, kijana akiweka mkono kifuani na kusema. Nuria akasimama. Maji yalikuwa kiunoni. Akageuka kuutazama ukumbi, akamtafuta mtu mmoja, akampata, akafungua mdomo wake mdogo wa kuchorwa, na Kiingereza kikamtoka, msichana ambaye hakuwa akijua hata kuhesabu mpaka kumi kwa lugha hiyo.

"Baba," alisema, "nimemwuliza. Hakusema hivyo."

"Anasema nini?" Jelagat aliuliza kwa sauti. Wengine wakadakia, "Anasema nini? Fasiri, mzee! Fasiri!"

Alamin aligeuka. Kwa mara ya kwanza katika miaka mitano aliwaona, safu kwa safu, vinywa wazi, machozi tayari. Na mbele yao wote alisimama mkewe na buibui lililolowa, na hakuwa amelia bado.

"Baba Nuria," Kuluthum alisema polepole. "Mwanangu amesema nini?"

Maji yalimfika Nuria kifuani. Alikuwa akingoja, mkono mmoja juu.

"Anasema amefurahi," Alamin alisema. "Anasema anakwenda kwa hiari yake. Anakuomba radhi, mama yake."

Vigelegele vilipasua ukumbi. Kuluthum alijipangusa uso, akainua viganja vyake viwili kuelekea kitambaani, na kwa sauti iliyosikika mpaka kwa Mwalimu mlangoni akampa mwanawe radhi. Nuria aliwatazama wote wakimshangilia, mpaka maji yakamfunika macho.